Namna ya Kuandaa na Kupaka Nta Reli ya Ubao wa Theluji: Mwongozo Kamili

Reli ya ubao wa theluji ni bomba au boriti ya chuma iliyoinuliwa juu ya theluji, ambayo mchezaji aliyefungwa miguu kwenye ubao wake wa kutelezea theluji (snowboard) huirukia, huteleza juu yake hadi mwisho, kisha hushuka na kuendelea na safari yake. Katika majimbo ya Minnesota, Wisconsin na Colorado nchini Marekani, na vilevile Alberta na Quebec nchini Kanada, reli hizi haziko kwenye viwanja vya milimani peke yake, kwani watu wengi hujitengenezea za kwao uani. Red Gerard, aliyetwaa medali ya dhahabu ya slopustaili, yaani shindano la kuteremka mlima kwa kupita reli na miruko, katika Olimpiki ya Pyeongchang mwaka 2018 akiwa na umri wa miaka 17, alikua akifanya mazoezi kwenye reli ambazo familia yake ilizijenga nyuma ya nyumba yao huko Silverthorne, Colorado. Wazazi kutoka Afrika Mashariki wanaolea watoto katika miji yenye theluji nao huombwa reli ya nyumbani, na mara tu inaposimikwa huzuka swali lilelile: mbona ubao unakwama, na nta hupakwaje?

Jibu la mwongozo huu ni kwamba nta ni kazi ya mwisho, na ndiyo nyepesi kuliko zote. Kinachoukwamisha ubao kwa kawaida ni kutu, mikwaruzo, vipele vilivyoachwa na fundi wa kuchomelea, na kingo kali za ubao wenyewe. Nta inayopakwa juu ya chuma kibovu huficha kasoro kwa muda mfupi tu, kisha hubanduka na kuuacha ubovu ukiwa palepale. Jambo la pili, ambalo wengi hulisahau, ni kwamba tunachokitafuta si kasi bali usawa. Reli inayoteleza kwa wastani kutoka mwanzo hadi mwisho ni salama kuliko reli yenye nusu inayokimbia na nusu inayoshika, kwa sababu mchezaji aliyezoea mwendo mmoja hujikuta mwili wake umetangulia huku miguu imebaki nyuma.

Kwa nini chuma hushika ubao

Juu ya theluji, ubao huteleza kwa msaada wa utando mwembamba wa maji unaotokana na msuguano. Juu ya chuma utando huo haupo. Hapo plastiki ngumu ya polithilini iliyo chini ya ubao husuguana moja kwa moja na chuma, na kwa bahati njema vitu hivi viwili huelewana: polithilini juu ya chuma kilichosuguliwa vizuri huteleza kwa urahisi hata bila nta. Mambo huharibika pale chuma kinapokuwa na chembe zilizosimama. Kutu ni ngumu na ina uso wa kuparuza, kwa hiyo hupunguza mwendo na pia huchora mistari chini ya ubao. Kipele kimoja cha chuma kikikutana na ukingo wa ubao huweza kuusimamisha papo hapo, na mchezaji akaendelea peke yake.

Nta ya parafini hufanya kazi mbili. Hujaza vijishimo vidogo ambavyo msasa haukuvifikia, na huweka tabaka laini ambalo hukatika kwa wepesi ubao unapopita. Kwa kuwa tabaka hilo hukatika, huliwa, na kwa hiyo kupaka nta ni kazi ya kurudiwa.

Vifaa

Kwa ajili ya chuma, tafuta brashi ya waya, msasa wa namba 80, 120, 220 na 400, tupa bapa, kitambaa kisichotoa nyuzi, na spiriti ya kusafishia. Ikiwa maungio ya kuchomelea ni mabaya, utahitaji grainda yenye diski ya msasa. Kwa ajili ya nta, utahitaji parafini yenyewe, kikwangulio cha plastiki, kipande cha kizibo au kitambaa kigumu cha kusugulia, na kipuliza hewa moto kile kinachotumiwa na mafundi kubandua rangi. Miwani ya kinga, glavu na barakoa ya vumbi si vya hiari, hasa unapotumia grainda.

Kuhusu aina ya nta, parafini ya kawaida inayouzwa kwa ajili ya kufungia mitungi ya jamu inafaa kabisa, na mshumaa mweupe usio na manukato unafaa pia. Epuka mishumaa yenye manukato kwa sababu mafuta yake hubaki yakinata, na kwa sababu hiyohiyo epuka nta ya nyuki. Nta zinazotengenezwa kwa ajili ya mbao za theluji huandikwa kiwango cha joto kwenye pakiti. Kwa reli chagua ile ya baridi kali, kwani ni ngumu zaidi, haishiki uchafu haraka na hukaa muda mrefu.

Nta zenye florini, zilizosifiwa kwa miaka mingi katika mashindano, achana nazo. Shirikisho la Kimataifa la Ski na Ubao wa Theluji lilizipiga marufuku katika mashindano yake kuanzia msimu wa 2023/24, na kemikali zake haziozi bali hubaki kwenye udongo na maji. Isitoshe, faida yake ni kusukuma maji, nasi tayari tumeona kwamba juu ya chuma maji si suala. Vivyo hivyo, usipulizie mafuta ya kupikia, silikoni wala vilainishi vya bawaba. Vitu hivyo huteleza kupita kiasi kwa dakika chache, hutiririka hadi kwenye theluji ya kurukia na kutulia, na huingia chini ya ubao ambako huzuia nta yenyewe kushika.

Kulainisha chuma

Kazi hii ifanyike kabla theluji haijaanguka, au ndani ya gereji, kwa sababu chuma chenye unyevu hakisuguliki vizuri na hupata kutu mpya mikononi mwako.

Anza kwa kuikagua reli nzima. Chukua pamba kavu na uipitishe polepole juu ya chuma kutoka upande wa kuingilia hadi upande wa kutokea, bila kukandamiza. Kila penye kipele, pamba itaacha unyuzi mmoja au miwili ikining'inia. Weka alama ya chaki hapo. Njia hii huona kuliko jicho, na huona kuliko kidole pia, ambacho katika kazi hii huishia kukatwa. Rudia ukipita upande wa kushoto na wa kulia wa bomba, kwani ubao uliokingama juu ya reli huinamia upande wowote.

Zingatia zaidi sehemu tatu. Ya kwanza ni mdomo wa kuingilia, ambako ubao hutua kwa uzito wote wa mchezaji. Hapo pasiwe na kona ya chuma iliyosimama, na bomba liwe limezibwa kwa kifuniko kilichochomelewa na kuviringwa, kwa sababu mdomo ulio wazi hukata kama kisu. Ya pili ni maungio, yaani pale mabomba mawili yalipounganishwa au pale reli inapopinda. Ya tatu ni mwisho wa reli, ambao watu huudharau ilhali ndipo mkia wa ubao hukwaruza mchezaji anaposhuka.

Maungio yaliyotuna yasawazishwe kwa grainda au kwa tupa hadi pamba ipite bila kunasa. Usiitulize grainda mahali pamoja, kwa maana itachimba bonde, na bonde ni baya kuliko kilima: kilima hupunguzwa, lakini bonde hujazwa kwa kuchomelea upya. Ikiwa bomba ni la mabati, yaani limepakwa zinki, usilichome moto wala usilisugue kwa grainda mahali pasipo na hewa ya kutosha, kwani moshi wa zinki huleta homa na maumivu ya kifua. Rangi ya zamani isiyojulikana asili yake nayo huenda ina madini ya risasi. Isisuguliwe ikiwa kavu karibu na watoto.

Baada ya vipele, ondoa kutu. Piga brashi ya waya hadi unga mwekundu uishe, kisha anza msasa wa namba 80, ufuatie 120, halafu 220, na umalizie kwa 400. Chuma kipya kutoka dukani hakina kutu, lakini kina utando wa mafuta na magamba meusi ya kiwandani ambayo hubanduka vipande vipande. Magamba hayo lazima yatoke pia. Kanuni moja isivunjwe: sugua kwa kufuata urefu wa reli. Wengi huuzungushia msasa kwenye bomba na kuuvuta huku na huku kama mtu anayeng'arisha kiatu, na matokeo yake ni maelfu ya mistari iliyokingama njiani, ambayo kila mmoja hupunguza mwendo kidogo. Shika msasa kwa kiganja kilichokunjwa, ukiwa na kipande cha sponji nyuma yake ili ufuate mviringo wa bomba, na usukume mbele kwa misukumo mirefu. Usipande kwenda namba inayofuata kabla mistari ya namba iliyotangulia haijafutika.

Sioni haja ya kupita namba 400. Chuma kinachong'aa kama kioo hupendeza machoni, lakini nta haina pa kushika juu yake na hubanduka mapema.

Rangi ipakwe kwenye miguu na mbavu za chini za reli tu. Sehemu ya juu ibaki chuma kitupu, kwa sababu rangi huchanika chini ya kingo za mbao na kuacha vigamba ambavyo hurudisha tatizo lote mwanzo. Hatimaye futa vumbi kwa kitambaa kikavu, kisha kwa kitambaa chenye spiriti, na ubadilishe kitambaa hadi kitoke cheupe. Usisafishe kwa maji. Chuma kilichotoka kusuguliwa huanza kupata kutu katika muda mfupi sana kikiloa, kwa hiyo hatua ya nta ifuate siku hiyohiyo.

Kupaka nta

Kosa linaloonekana zaidi ni kusugua kipande cha nta juu ya chuma kilichopoa kwa baridi. Parafini huyeyuka katika joto la takriban nyuzi 46 hadi 68 za selsiasi, kutegemea aina yake, na katika baridi ya chini ya sifuri huwa ngumu na hukatika ovyo. Ukiisugua hivyo huacha makombo badala ya tabaka, na makombo hayo ndiyo yale yanayoonekana kama madoa meupe kwenye reli nyingi za nyumbani. Mahali penye kombo ubao hukimbia, na pasipo na kombo hushika.

Kwa hiyo pasha chuma kwanza. Gawa reli katika vipande vya urefu wa mkono mmoja na ushughulikie kipande kimoja kwa wakati. Sogeza kipuliza hewa moto huku na huku bila kusimama, kisha jaribu kwa kugusisha ncha ya nta. Ikiwa nta inaacha alama kavu, joto halijatosha. Ikiwa inatiririka na kudondoka au inatoa moshi, joto limezidi. Zima na usubiri. Kipimo sahihi ni pale ncha ya nta inapolainika na kuacha mstari wenye unyevunyevu wa kung'aa, ambao hupoteza mng'ao wake baada ya muda mfupi na kuwa mweupe hafifu. Ukimfundisha mtu mwingine kazi hii, mwonyeshe mstari huo kwanza, kwa sababu akishautambua hatahitaji kipimajoto.

Kichomeo cha gesi kinaweza kutumika badala ya kipuliza, lakini mwali uwe umbali wa kutosha, usigusane na nta, na usitumike kabisa kwenye bomba la mabati au lililo karibu na plastiki. Parafini ni kitu kinachowaka. Mtoto asiachiwe hatua hii.

Paka mstari kutoka mwanzo hadi mwisho kwa mwelekeo ambao ubao utapita, juu kabisa ya bomba, kisha mstari mmoja kila upande. Pita na kitambaa kigumu wakati chuma kingali na joto ili mistari hiyo iungane na kuwa tabaka moja. Acha chuma kipoe kabisa. Kinapokuwa baridi, kwangua kwa plastiki kila kilichozidi. Usiogope kuondoa nta nyingi, kwa kuwa inayotakiwa ni ile iliyoingia kwenye vijishimo na utando mwembamba juu yake. Sugua kwa kizibo hadi uso uwe wa rangi moja. Rudia mzunguko mzima mara ya pili, safari hii kwa nta pungufu kuliko mwanzo, na hapo utakuwa umemaliza. Tabaka la tatu huanza kujikusanya, hushika vumbi, na katika siku za jua hulainika na kunata.

Ikiwa reli tayari imesimama nje na haiwezekani kuihamisha, chagua saa ya adhuhuri katika siku kavu, fagia theluji yote, kausha chuma kwa hewa moto hadi pasiwe na ukungu, kisha fuata utaratibu uleule. Nta inayopakwa juu ya barafu, hata ile isiyoonekana kwa jicho, hutoka na barafu yake.

Kupima kabla ya kupanda

Ubao wa plastiki wa kukatia mboga kwa kawaida hutengenezwa kwa polithilini, jamaa wa karibu wa plastiki iliyo chini ya ubao wa theluji. Kata kipande chake, kilainishe kingo, kiweke juu ya reli na ukisukume kwa kidole kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Sikiliza. Sauti nyororo isiyobadilika inaonyesha kuwa kazi ni sawa. Sauti ikikwaruza mahali fulani, hapo rudi na msasa wa namba 400, kisha nta. Kwa dakika chache unapata habari ambayo vinginevyo ungeipata kwa kuanguka.

Mpanda wa kwanza aende kwa mwendo wa kawaida na ubao ukiwa sambamba na reli, mtindo ambao wachezaji huuita fifti-fifti, kabla ya kujaribu kuukingamisha. Ajue pia kwamba atatoka kwenye reli akiwa na mwendo mkubwa kuliko alivyozoea, hivyo eneo la kutulia liongezwe urefu na lisiwe na mti, uzio wala mtu. Kofia ngumu ivaliwe.

Ubao nao

Reli nzuri haitamsaidia mwenye ubao wenye kingo kali kama wembe. Kingo za chuma zinazozunguka ubao zimenolewa ili kushika theluji ngumu, na juu ya reli ukali huohuo hutafuta kitu cha kung'ata. Dawa yake ni kuzifubaza, lakini si zote: chukua tupa laini, ishike kwa pembe ya nyuzi 45, na uviringe kona ya ukingo katika eneo lililo kati ya vifungo vya miguu na kidogo nje yake. Mbele na nyuma kidogo ya hapo acha kingo zikiwa kali ili mchezaji aweze kugeuka na kusimama kwenye barafu. Anayetumia ubao wake kwenye reli peke yake anaweza kufubaza zaidi. Anayeutumia mlima mzima awe na kiasi, kwa kuwa chuma kilichoondolewa hakirudi. Kagua pia kama kuna ufa kwenye ukingo, maana ukingo uliopasuka hunasa kwenye maungio ya reli na kung'oka.

Uso wa chini upakwe nta kwa pasi. Yeyusha nta idondoke kwenye ubao, ipitishe pasi bila kuituliza, kwani plastiki hii huanza kuyeyuka ikikaribia nyuzi 135, acha ipoe kwa nusu saa, kisha kwangua na upige brashi. Reli hula nta ya ubao haraka kuliko theluji inavyofanya, hasa katikati, kwa hiyo usishangae katikati pakigeuka peupe na pakavu huku ncha bado zikiwa nyeusi na za kung'aa.

Masanduku na mabomba ya plastiki

Sanduku lenye uso mpana wa plastiki, ambalo mchezaji huteleza juu yake kama afanyavyo kwenye reli, halihitaji kupashwa moto na halistahimili. Futa kwa spiriti, kata vipele kwa kisu kilichonyooshwa bapa, kaza skrubu zote hadi vichwa vyake vizame chini ya uso, kisha sugua nta kwa mkono na kuisambaza kwa kizibo. Bomba la PVC, ambalo wengi huanza nalo kwa sababu ya bei, huteleza vizuri likiwa jipya, lakini katika baridi kali huwa dhaifu na hupasuka kwa vipande vyenye ncha. Likionyesha ufa, liondolewe siku hiyo.

Reli zisizo zako

Katika viwanja vya reli, kama vile Hyland Hills mjini Bloomington, Minnesota, au Trollhaugen huko Dresser, Wisconsin, utunzaji wa reli ni kazi ya wafanyakazi wa uwanja. Usipake nta bila kuwauliza, kwa kuwa anayekufuata hajui kwamba reli imebadilika. Mikono ya ngazi za shule, makanisa na nyumba za watu isipakwe nta kabisa: mzee anayeishika ili asianguke kwenye barafu ataishika na kuteleza.

Matunzo ya msimu mzima

Kila kabla ya kucheza, fagia theluji na uondoe barafu kwa plastiki au mti. Koleo la chuma lisiiguse reli, kwani pigo moja huzaa kipele kipya. Baada ya siku ya joto linalopanda juu ya sifuri na usiku wa kuganda, kagua kwa pamba tena, maana maji hupenya chini ya nta pale ilipochanika na kutu huanzia hapo. Doa lisilo na mng'ao ndilo la kupaka, si reli nzima. Nta ikigeuka kijivu imeshika uchafu na unga wa chuma kutoka kwenye kingo za mbao. Ikwanguliwe yote, ifutwe kwa spiriti na ipakwe upya.

Theluji ikiisha, safisha reli, ipashe moto na uipake nta nzito bila kuikwangua, juu na mbavuni, ili imalize majira ya joto bila kutu. Iweke juu ya matofali badala ya udongo, mahali pasipovuja, na uhakikishe hakuna maji yaliyobaki ndani ya bomba. Mwezi wa Oktoba au Novemba, kabla ya baridi kali, nta hiyo nzito ikwanguliwe kwa plastiki, kisha pamba ipitishwe upya kutoka mdomo wa kuingilia.